F Haisemi Kilichoharibika

Matokeo ya Kidato cha Nne hutoka Januari. Zamani hapa Chokocho, Pemba, tulikuwa tukimsubiri mtu atoke Mkoani au Chake Chake na habari; siku hizi yanaingia kwenye simu, na haupiti muda mtaa mzima unajua nani kapata nini. Mtoto wa dada yangu aliyaona ya kwake barazani kwa bibi yake, vijana wenziwe wamemzunguka. Aliisoma mistari ile kwenye kioo, akairudia, kisha akamrejeshea mwenye simu simu yake na kuondoka kuelekea pwani. Hakuna aliyemfuata, na nadhani walifanya vyema.

Kwa hesabu ya mama yake, mtoto alikuwa kafaulu masomo manne: Kiswahili, Historia, Uraia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kwa hesabu ya vyuo, alikuwa kafaulu matatu. Anayeomba nafasi ya masomo ya ngazi ya cheti hutakiwa awe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na lile alilolipata vizuri kuliko yote, alilolianza utotoni chuoni kwa ustadhi, halikuingia katika hesabu hiyo. Utaratibu huo unawahusu Waislamu na Wakristo sawasawa, wala sina ugomvi nao hapa. Nataka tu msomaji aone jinsi somo moja linavyoweza kumweka kijana nje ya mlango.

Somo lenyewe alilolikosa lilikuwa Muziki. Alikuwa amekwenda bara kukaa na ami yake, akaingia skuli moja kati ya zile chache zinazolifundisha, na moyo wake wote ulikuwa Bagamoyo, kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ile iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kufanywa wakala wa serikali mwaka 2007. Alitaka kwenda kusomea muziki, na muziki ndio uliompa F. Wengi walimshauri arisiti Jiografia au Baiolojia, ajipatie D yake, aingie chuoni kwa njia ya mkato. Alikataa. Nilimuunga mkono, kwa sababu fani ambayo mtu anataka imlishe na kumzeesha haifai kukimbiwa mwanzoni kabisa.

Kila aliyepita barazani alimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, lakini mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hatiwi moyo tu, hutafutiwa koleo jingine. Na hapo ndipo ilipoanza tabu.

Anayerisiti Historia anaweza kukaa chini ya mwembe na madaftari yake ya zamani, akaazima kitabu kwa huyu na maswali ya miaka iliyopita kwa yule, na akipiga msuli kweli atafika. Muziki haukubali hivyo. Una maandishi na una vitendo. Jirani zetu wa Kenya wameligawa somo lao la KCSE, lenye namba 511, katika karatasi tatu: kupiga au kuimba mbele ya mtahini, kusikiliza, na nadharia. Katika kila moja ya sehemu hizo mtu anaweza kuanguka kwa sababu yake mbali. Kwenye kusikiliza unahitaji mtu wa kukupigia. Kwenye kupiga unahitaji ala, na unahitaji sikio la mtu mwingine likwambie ulipokosea, maana sikio lako mwenyewe limeshazoea kosa lako na halilisikii tena. Mwanafunzi huwa navyo vyote hivyo skulini, hata kama ni vichache na vibovu. Siku anayofeli huvipoteza vyote kwa pamoja. Jina lake linatoka kwenye rejista, kinanda cha skuli kinabaki skulini, mwalimu anaendelea na waliopo. Yeye sasa ni mtahiniwa wa kujitegemea: atafute kituo cha kumsajili, alipe ada, ajifundishe.

Na muda hausubiri. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, wakati machozi ya matokeo hayajakauka. Mama yake analima mwani. Alitoa alichokuwa nacho, ami wa bara akaongeza, na pengo lililobaki kijana aliliziba baadaye kwa kuchuma karafuu kwenye mashamba ya watu. Nayataja haya kwa sababu tunapozungumzia kurudia mtihani tunazungumzia zaidi akili na juhudi, na tunasahau kwamba kabla ya vyote hivyo kuna nauli ya meli kutoka Mkoani, kuna mahali pa kulala bara siku za mtihani, kuna picha za pasipoti. Wapo watoto werevu ambao mtihani wa pili waliushindwa hapo, kabla hawajashika kalamu.

Yeye alisajiliwa. Akarudi Chokocho kujiandaa, kwenye kijiji ambacho skuli zake hazikuwa na somo hilo hata siku moja. Kwa kuwa ni mwalimu, ingawa wa Kiswahili, na kwa kuwa ujana wangu niliumaliza nikipiga fidla kwenye kikundi cha taarab, mzigo ukaangukia kwangu.

Swali langu la kwanza kwake lilikuwa ameangushwa na nini. Hakujua. Nilidhani anaona haya, lakini alikuwa hajui kweli. Nadharia aliiona nyepesi, vitendo aliona amejitahidi, na jibu lililomrudia lilikuwa herufi moja. F inasema umeanguka. Haisemi umeanguka wapi. Katika mitihani ya muziki ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza iliyoanza mwaka 1889 na ambayo watoto wa Nairobi na Dar es Salaam hufanya mitihani yake, kila sehemu ina alama zake katika jumla ya 150, ufaulu ni 100, na mtahini huandika maoni yake sehemu kwa sehemu. Aliyepata 96 anajua kama ni skeli zilizomponza au ni kusoma nota papo hapo. Baraza letu la Mitihani, kwa kuwa linashughulikia mamia ya maelfu ya watoto kwa mkupuo mmoja, haliwezi kumwandikia kila mmoja barua, na sitegemei hilo. Hata hivyo linatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa masomo yake, zinazoonyesha maswali gani yaliwashinda wengi na kwa nini. Zinapatikana bure. Nimeshangaa mara nyingi kuona mtu anatafuta tuisheni ya kulipia kabla hajasoma taarifa hizo.

Lakini taarifa ya wote haikunieleza habari ya mmoja. Ilibidi nimtazame.

Alikuwa amejichorea kinanda kwenye kipande cha plaiwudi, oktavi mbili kamili, vibonye vyeupe kwa penseli na vyeusi kwa kalamu ya wino mzito, kila kimoja kwa kipimo chake. Alikiweka mapajani barazani na kupiga skeli kimya kimya huku akiziimba nota kwa sauti ya chini. Simu yenye programu ya piano ilikuwa pembeni, akiigusa mara moja moja kwa sababu chaji ilikuwa haitoshi. Nilikaa kumtazama. Vidole vilikuwa vikienda sawa. Alijua panapotakiwa kibonye cheusi na pasipotakiwa, alijua kwamba kati ya mi na fa hakuna kibonye cheusi, wala kati ya ti na do. Kilichonishtua kilikuwa mdomo wake. Do ilikuwa sawa, re ilikuwa sawa, na alipofika mi sauti ilitua chini kidogo ya inapotakiwa. Si kwa bahati mbaya. Kila alipoirudia ilitua pale pale, imetulia, safi, bila kutetereka. Mtu anayekosea kwa kutojua huyumba. Huyu hakuwa akiyumba.

Nikaingia ndani kuchukua fidla.

Fidla haina vizuizi shingoni kama gitaa. Kidole kinateleza popote na sauti inapatikana popote. Nikampigia do, kisha nikaweka kidole mahali inapokaa mi ya piano, nusu toni nne juu yake. Nikamuuliza anaionaje.

"Imepanda, mjomba."

Nikashusha kidole hadi nusu toni tatu, mahali panapofanya skeli iwe ya huzuni.

"Hiyo sasa imeshuka sana."

Nikapandisha taratibu, nikasimama katikati ya pale pawili, mahali ambapo piano haina kibonye.

"Hapo."

Alisema bila kusita. Na mimi niliyekuwa nimepiga taarab nikajua alipokuwa. Alikuwa ndani ya Rast.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika ala nitaeleza kwa ufupi. Piano inaigawa oktavi katika nusu toni 12, na mtihani wa skuli umejengwa juu ya mgawanyo huo. Muziki wa Kiarabu una makamu zake, Rast, Bayati, Saba, Sikah na nyinginezo, na baadhi yake zina sauti zinazokaa katikati ya vibonye. Wataalamu waliokutana kwenye Kongresi ya Muziki wa Kiarabu mjini Cairo mwaka 1932 walijadiliana sana kuhusu namna ya kuzipima sauti hizo na kuziandika. Muziki huo ulifika Zanzibar kwa njia ya kasri, enzi za Sultani Barghash, ukaingia mitaani, ukapata vikundi vyake kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, na ukavuka mpaka huku kwetu. Juu ya hayo yote kuna tilawa. Simaanishi kwamba Qur'ani ni muziki, hasha. Nasema habari ya sikio. Mtoto wa Pemba anayejifunza kusoma kwa kufuata kanda za Sheikh Abdulbasit Abdulsamad anazisikia makamu hizo kutwa mara kadhaa, mwaka baada ya mwaka, kabla hajajua kwamba duniani kuna kitu kinaitwa nota. Mpwa wangu aliongoza kaswida za chuo chake tangu akiwa mdogo. Sikio lake lilikuwa limesoma, tena kwa walimu wakubwa. Lilikuwa limesoma kwingine.

Fikiria sasa anaingia chumba cha mtihani. Anapigiwa sauti mbili, anatakiwa aseme umbali wake au aziimbe. Anaziimba kwa usafi wa Rast. Mtahini aliyezoea piano anasikia mtu asiyeshika sauti, anaandika anachosikia, na kwa kipimo alichopewa yuko sawa. Mtoto anatoka nje akiamini amefanya vizuri. Miezi miwili baadaye inakuja F, na F hiyo inamwambia, kwa jinsi anavyoielewa yeye, kwamba hana kipaji. Hilo ndilo lililoniumiza. Kijana alikuwa ameshaanza kuliamini.

Ningeweza kumwambia aache kusikia anavyosikia. Ni ushauri ambao walimu wengi huutoa kwa njia moja au nyingine: sahau ya chuoni, hapa ni skuli. Siukubali. Aliyeweza kuishika sauti ya katikati bila kuyumba ana sikio kali kuliko wengi, na kazi yetu ilikuwa kumwongezea chumba cha pili, ile nyumba ya kwanza tuiache isimame. Ajue anapotakiwa kuimba Rast aimbe Rast, na anapotakiwa kuimba skeli kubwa ya Kizungu aimbe hiyo, na muhimu zaidi, atambue ni ipi anaisikia.

Tukatafuta mahali ambapo mi ya piano tayari imo ndani yake. Haikuwa mbali. Kila asubuhi ya maisha yake ya skuli aliimba wimbo wa taifa mstarini. Tuni ile ya Enoch Sontonga, iliyotungwa Afrika Kusini mwaka 1897, imejengwa juu ya skeli kubwa ile ile inayoulizwa kwenye mtihani. Nikamwambia auimbe polepole, asimame kwenye sauti ninayomuonyesha, aishike, halafu nikaipiga kwenye fidla. Ilikuwa mi ya piano, timilifu. Akanitazama kwa mshangao. Sauti aliyodhani hana alikuwa nayo siku zote, ila hakuna aliyewahi kumuonyesha ilipo.

Baada ya hapo kazi yetu ya jioni ikawa na umbo. Baada ya sala ya alasiri nilimpigia sauti tatu, ya juu, ya chini na ya katikati, bila mpangilio, naye azitaje. Tulikwenda kwenye imla: napiga kipande kifupi, anakiandika kwenye mistari mitano. Kwenye mapigo alikuwa na shida ya aina nyingine kabisa. Mkono wake ulijua kila kitu, dufu lilikuwa limemfundisha sita kwa nane kabla hajajua kuhesabu, lakini kalamu haikujua kuandika mkono unachokijua. Hapo niliacha kumfundisha kwa mifano ya kitabuni. Alipiga mdundo wa kaswida anayoijua, pigo la "dum" na la "tak", kisha akauandika. Akapiga mwingine, akauandika. Wapemba wenzangu mnazijua ngoma zetu, msewe na kibati na nyingine; kuna hesabu humo ambazo mwanafunzi wa darasa la nadharia angezitolea jasho.

Nimekaa na jambo hili kwa muda, na ninachokiona ni kwamba mtoto anaporudia mtihani, mwalimu ndiye anayetakiwa kurudia kwanza. Kumfundisha anayerisiti hakuwezi kuwa kumrudishia somo lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Alishalisikia. Kama somo lile lile lingetosha, lingetosha mara ya kwanza. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa chini na kuuliza ni nini hasa kilichoharibika, na kuwa tayari kugundua kwamba hakikuharibikia pale kila mtu alipodhani.

Na hapa sina budi kuwatetea walimu wa Muziki, maana mzigo wao haujulikani. Mwalimu wake wa bara nilizungumza naye kwa simu mara nyingi. Alikuwa mwalimu pekee wa somo hilo skulini kwao, anafundisha na somo jingine, darasa zima lina kinanda kimoja, na umeme ukikatika hakina sauti. Katika hali hiyo hawezi kumsikiliza kila mtoto peke yake, na asipomsikiliza peke yake hawezi kujua kwamba mi yake inatua chini. Muziki wa kuimba pamoja huficha mengi. Sauti 30 zikiimba kwa pamoja, ya mmoja inamezwa. Kisha matokeo yakitoka, idadi ya F inaandikwa mbele ya jina la mwalimu, na wenzake wa Hisabati wanauliza kwa nini somo la kuimba linafelisha. Huyu bwana, ambaye hakuwa na wajibu wowote tena kwa mwanafunzi aliyekwisha kumtoka mikononi, alikuwa akiturekodia imla usiku na kuzituma kwa WhatsApp kwa bando lake mwenyewe. Mpwa wangu alizisikiliza pwani, karibu na zinapofunga boti za Kisiwa Panza, maana huko mtandao ulikuwa ukishika vizuri. Hakuna fomu ya posho kwa kazi kama hiyo. Nilimwambia tutamlipa akakataa, akasema kama kijana atafaulu atakuwa amejifunza yeye kitu cha kuwafundisha wengine, kwa sababu ile habari ya Rast niliyompa alikuwa hajawahi kuifikiria, na ana watoto wengine wa pwani darasani.

Si kila mtu kijijini aliipenda safari hii. Bibi yake aliuliza, kwa upole lakini kwa uzito, kama inafaa mtoto aliyehifadhi juzuu kadhaa ahangaike mara ya pili kwa ajili ya vinanda, au pengine Mungu amemfungia mlango kwa heri yake. Ni swali la haki na linaulizwa na watu wenye nia njema. Mimi sikubishana naye. Mtu mzima habishiwi na nyoyo hazibadiliki kwa mabishano. Kijana mwenyewe alimjibu kwa kuendelea kuwahi jamaa na kuendelea kusimama mbele kwenye maulidi, na kadiri siku zilivyokwenda swali likapungua. Wazee wengine walikuwa na hoja tofauti: muziki gani huo unaotaka cheti? Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri bila kuulizwa ana pasi ngapi. Hoja ina nguvu yake, lakini dunia ya Siti na ya mtoto huyu ni mbili. Leo mlango wa chuo unafunguliwa kwa karatasi. Na kwamba karatasi na sikio vinaweza kukaa pamoja, ushahidi upo Unguja: Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilichofungua milango yake mwaka 2002 kwenye jengo la forodha la zamani, kinafundisha udi na kanuni na taarab huku wanafunzi wakisoma na kuandika nota. Hakuna aliyelazimika kuchagua kimoja na kukitupa kingine.

Wakati mwingine, tena, kinachotakiwa kurudiwa ni kipimo chenyewe. Sisi Watanzania tunalijua hilo kuliko wengi. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa sifuri zaidi ya nusu ya watahiniwa. Nchi ilishtuka, serikali ikaunda tume, na mwaka huo huo matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Watoto waliolala wamefeli waliamka wamefaulu, bila kuandika neno jingine. Huko Ufaransa, Maurice Ravel alijaribu mara tano, kati ya 1900 na 1905, kuipata tuzo kubwa ya utunzi ya Prix de Rome. Mara ya tano hakuvuka hata mchujo wa kwanza, naye tayari alikuwa mtunzi anayejulikana. Ikabainika kwamba wote waliobaki walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja aliyekaa kwenye jopo la waamuzi. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mkuu wa chuo cha muziki cha Paris aliondoka, na Gabriel Fauré, aliyemfundisha Ravel, akashika nafasi yake na kuanza kubadilisha mambo. Sisemi haya ili kila aliyepata F aseme kaonewa. Wengi wetu tunapofeli tumefeli. Nasema F ni habari inayohitaji kuchunguzwa, na uchunguzi huo uwe tayari kufika hadi kwa aliyeitoa.

Novemba alivuka. Alikwenda na begi moja na ile plaiwudi, ingawa huko kilikuwepo kinanda cha kweli. Alisema vidole vyake vimeizoea. Kwenye chumba cha kusikiliza, alinisimulia baadaye, alipopigiwa sauti mbili za mwanzo aliisikia kwanza ya katikati kichwani mwake, kama kawaida yake, kisha akajiambia hiyo ni ya nyumbani, akaimba ya mtihani.

Januari matokeo yaliingia kwenye simu kama yanavyoingia siku zote. Alipata D ya Muziki. D ni ufaulu, na kwa cheti cha kwanza na cha pili vikiwekwa pamoja, masomo yasiyo ya dini yakawa manne. Ameomba Bagamoyo.

Wapo wengine. Kila mwaka wapo, kwenye skuli zote zinazofundisha Muziki, na wengi wao hawana mjomba mwenye fidla wala mwalimu wa kuwatumia imla usiku. Kwa hiyo naziomba skuli zenye somo hili: mruhusuni anayerisiti akae darasani kwenye vipindi vya kusikiliza, hata siku moja kwa wiki, hata amesimama dirishani, hachukui kiti cha mtu. Wazazi, mtoto akipata F msisubiri hasira ipoe, kwa sababu usajili unafungwa nayo bado ina moto. Nawe mwalimu mwenzangu, kabla hujamfungulia kijana ukurasa wa kwanza wa kitabu kile kile, mpigie sauti mbili umuulize anasikia nini, na umwamini akikujibu.